Maua ya Kawetele na Maadui Zake

Anayetoka Mbeya kwa barabara ya kwenda Kyela hupita Uyole, hupanda milima ya Uporoto, kisha huteremka kupitia Isongole na Kiwira mpaka Tukuyu. Ni safari ya kilomita kama 70 tu, lakini hewa hubadilika kabisa. Kaskazini unauona mlima Rungwe wenye urefu wa mita 2,960 hivi, mara nyingi ukiwa umejifunika mawingu. Pande zote ni migomba, chai, kahawa, miparachichi na viazi. Udongo ni mweusi wenye rutuba, uliotokana na majivu ya volkano za kale, na mvua inayonyesha hapa kwa mwaka hupita milimita 2,000.

Kawetele ni kata iliyo jirani kabisa na mji huo wa Tukuyu. Hapo tulikwenda, sisi akina mama wachache wa kanisani, kwa kazi yetu ya kawaida ya kuwatembelea wagonjwa na wazee majumbani. Lakini katika kila nyumba tuliyoingia, mazungumzo yaliishia uani kwenye maua. "Hebu njooni mtazame waridi langu linavyoliwa." "Hivi hizi dalia zimepatwa na nini?" Basi tukaona ni vema tuwaletee wasomaji yale tuliyoyaona na kujifunza, maana mdudu anayesumbua Kawetele anasumbua pia Njombe, Lushoto, Moshi na Bukoba.

Nchi ya maua tangu zamani

Ardhi ya Rungwe haikungoja mtu kuipanda maua. Wamoraviani walipoanzisha misheni yao ya Rungwe mwaka 1891, walikuta misitu na mabonde yenye mimea isiyokuwa imeandikwa katika kitabu chochote. Mmoja wao, Adolf Stolz, aliyeishi Kyimbila, si mbali na hapa, alikusanya maelfu ya mimea katika miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na kuipeleka Ulaya ikachunguzwe. Mwaka 1915 jamii moja ya maua madogo ya okidi, yale yanayoota juu ya magogo ya miti, ilipewa jina la Stolzia kwa heshima yake. Wakati huo Tukuyu ilikuwa bado ikiitwa na Wajerumani Neu-Langenburg.

Leo maua ya Kawetele yana kazi zake. Jumamosi jioni yanachumwa kwenda kupamba kanisa. Yanatakiwa kwenye harusi na kipaimara. Na kwa kuwa wengi hapa huzika wapendwa wao karibu na nyumba, katikati ya migomba, maua ndiyo nguo ya kaburi. Bibi mmoja tuliyemtembelea ana dalia nyekundu juu ya kaburi la mwanawe wa mwisho. Alituambia, "Wanangu, mkinisaidia hizi zisiliwe, mtakuwa mmenisaidia mimi mwenyewe." Tangu hapo hatukuliona tena jambo la wadudu wa maua kuwa dogo.

Kwanza mjue adui

Kosa tuliloliona mahali pengi ni kukimbilia dawa kabla ya kujua ugonjwa. Muuguzi hampi mgonjwa kidonge kabla ya kumpima. Na ua nalo lipimwe. Geuza jani utazame chini yake, kwa kuwa wadudu wengi hujificha huko wakikwepa jua na mvua. Tazama shina karibu na udongo. Tena rudi usiku na tochi, kwani walaji wengine hawaonekani mchana.

Kwenye waridi la nyumba ya kwanza, vichwa vya matawi vilikuwa vimejikunja na vikinata. Tulipofunua, tukakuta vidukari, wale wadudu wadogo laini, wa kijani au weusi, ambao wengi huwaita wadudu mafuta. Hawatafuni jani bali wanafyonza utomvu wake. Jike la kidukari huzaa bila dume, tena huzaa watoto walio hai, na panapokuwa na joto la kutosha watoto hao nao huanza kuzaa baada ya wiki moja au siku kumi. Ndiyo maana leo unawaona watano na wiki ijayo tawi zima limefunikwa.

Mama mwenye nyumba alikuwa anawalaumu sisimizi waliopanda na kushuka shinani. Sisimizi hawali waridi. Wamefuata maji matamu yanayotolewa na vidukari, na kwa ajili ya maji hayo wanawalinda vidukari kama mchungaji anavyolinda ng'ombe wake. Maji hayo yakibaki juu ya majani huota ukungu mweusi kama masizi. Kwa hiyo ukiona msafara wa sisimizi na masizi juu ya majani, mtafute kidukari, au ndugu yake kidung'ata, yule aliyejifunika kitu cheupe kama pamba.

Waridi hilohilo lilikuwa na majani yaliyokatwa pembeni kwa mviringo safi, kama yamekatwa kwa mkasi. Mama alitaka kuyapulizia dawa. Tukamwomba asifanye hivyo. Huyo ni nyuki mkata majani, anayebeba vipande hivyo kwenda kutandika kiota cha watoto wake. Hali mti wako, tena anachavusha maua, na katika wilaya inayotegemea kahawa na parachichi, nyuki ni rafiki wa kila nyumba. Waridi haliwezi kufa kwa vipande vichache.

Tatizo la tatu la waridi hilo halikuwa mdudu kabisa. Majani ya chini yalikuwa na madoa meusi ya mviringo, yakageuka njano na kuanguka. Huo ni ugonjwa wa ukungu unaopenda majani yaliyolowa muda mrefu, na Kawetele majani hulowa karibu nusu ya mwaka. Dawa ya wadudu hata ukiimwaga ndoo nzima haitasaidia. Okota majani yote yaliyoanguka uyachome au uyafukie mbali. Punguza matawi ya katikati ili upepo upite. Ukimwagilia, mwagilia udongo, usimwagilie majani, tena asubuhi ili majani yakauke mapema. Usipande waridi chini ya mgomba panapodondoka maji kutwa nzima.

Walaji wa usiku

Tulirudi kwa yule bibi saa mbili usiku tukiwa na tochi. Dalia zake zilikuwa zimetobolewa matundu makubwa, na asubuhi tulikuwa tumeona juu ya majani utelezi unaong'aa kama ute uliokauka. Utelezi huo ni alama ya konokono, na tochi ikatuonyesha: walikuwepo wenye gamba na wale wasio na gamba, wanono, wakila taratibu bila haraka yoyote. Mahali penye mvua kama Rungwe, konokono anashinda wadudu wengi kwa hasara.

Njia tuliyomwachia bibi haina gharama. Jioni, laza ubao wenye unyevu au maganda ya ndizi karibu na maua. Alfajiri, konokono watakuwa wamejificha chini yake. Waokote kwa kijiti uwatumbukize katika ndoo ya maji yenye chumvi nyingi, na maji hayo usiyamwage bustanini kwa sababu chumvi huua mimea. Wengine hutega kwa pombe ndani ya kopo lililofukiwa. Nyumba isiyo na pombe itumie hamira: changanya hamira kidogo, sukari na maji ya vuguvugu, acha ichachuke, halafu ufukie kopo mpaka shingoni. Konokono hufuata ile harufu ya uchachu, huingia na kuzama. Mwenye bata awaachie bustanini asubuhi kwa muda mfupi. Bata hupenda konokono wadogo. Majivu yakizungushiwa shina huwazuia pia, lakini yakiwa makavu tu. Mvua ikinyesha, rudia.

Usiwaokote konokono kwa mikono mitupu, wala watoto wasiwachezee, kwa kuwa baadhi yao hubeba vijidudu vya kumdhuru mtu. Nawa kwa sabuni baada ya kazi, na uoshe vizuri mboga zote zinazoota karibu na hapo.

Katika nyumba nyingine miche michanga ya maua ilikuwa imeanguka, imekatwa shingoni usawa wa udongo. Huyo ni sota, kiwavi mnene wa kijivu ambaye mchana hujikunja chini ya udongo hatua chache tu kutoka kwenye maiti ya mche wake. Fukua kwa kidole kuzunguka mche ulioanguka, utampata. Miche iliyobaki izungushie vipande vya kopo au karatasi ngumu iliyoingia udongoni kidogo.

Na kwenye yungiyungi tulikuta viwavi weusi wenye mikanda myeupe na njano, wakila majani kutoka ndani na kushuka kuelekea kwenye kitunguu cha ua. Wakifika huko, ua zima huoza. Kata jani lililoingiliwa siku hiyohiyo ulichome. Kuchelewa kwa wiki moja ni kupoteza mmea.

Kiangazi kikija

Mvua zinapokatika na baridi ya Juni na Julai inapopungua, maadui hubadilika zamu. Wakati wa ukavu ndipo utitiri mwekundu huongezeka. Ni mdogo hata macho hayamwoni vizuri, lakini jani huwa na vidoa vidogo vya njano kama limemwagiwa vumbi, na chini yake kuna utando mwembamba. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge kidogo. Vumbi likianza kutembea, ni utitiri. Yeye huchukia maji. Nyunyizia maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi kwa siku kadhaa mfululizo, utaona tofauti. Vithiripi nao hukwaruza petali za ua zikabaki na mistari ya rangi ya fedha au kahawia, na chipukizi hushindwa kufunguka. Hao kata maua yaliyoharibika, usiyaache yakaning'inia.

Silaha za mkono mtupu

Kwa bustani ya nyumbani, mikono miwili na maji hutosha mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Vidukari waponde kwa vidole au waangushe kwa maji. Wakizidi, tengeneza maji ya sabuni: vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji, au kijiko kimoja cha mezani cha sabuni ya kipande iliyokwaruzwa, katika lita moja ya maji. Usitumie sabuni ya unga kwa sababu huunguza majani. Jaribu kwanza kwenye jani moja, subiri hadi kesho yake. Halafu nyunyizia jioni, hasa chini ya majani, kwa kuwa sabuni humuua mdudu iliyemgusa tu. Ikishakauka haina nguvu. Rudia baada ya siku tano.

Kumbuka pia unao wasaidizi. Yule mdudu kobe, mviringo, mwekundu au wa rangi ya machungwa mwenye madoa meusi, hula vidukari. Na mtoto wake, mweusi mrefu mwenye miiba laini, ambaye wengi humponda wakidhani ni adui, hula wengi kabisa. Buibui, manyigu, vyura, na hata kinyonga ambaye watu wengi humwogopa bure, wote wanafanya kazi bustanini mwako bila mshahara. Dawa kali inawaua hao kwanza, na vidukari wanaobaki hurudi wakiwa hawana wa kuwazuia.

Dawa za mimea nazo zina masharti

Tuliulizwa habari za mwarobaini. Mwarobaini ni mti wa nchi ya joto. Pwani na Dodoma unastawi, lakini baridi ya Tukuyu haiupendezi. Hapa nyanda za juu tunao utupa na pareto.

Utupa wazee wanaujua: majani yake yakipondwa na kulowekwa huua wadudu, na watu waliutumia kuvulia samaki mitoni. Hapo ndipo pa kufikiri. Kinachoua samaki hakifai kumwagwa karibu na kijito ambacho jirani yako anachota maji. Usiupondee kwenye kinu cha chakula, usiuache kwenye sufuria ya jikoni, na usiupulizie mchicha utakaochuma kesho.

Pareto hulimwa milima ya Uporoto na kununuliwa kwa ajili ya kiwanda kilichoko Mafinga. Sumu iliyomo katika maua yake huwaangusha wadudu upesi, halafu huharibiwa na mwanga wa jua, kwa hiyo haikai muda mrefu juu ya majani. Hiyo ni sifa njema. Lakini huua nyuki na samaki pia. Ipulizie jioni nyuki wakisharudi kwao, wala usiipulizie juu ya maua yaliyofunguka.

Tumbaku iliyolowekwa, ambayo tuliambiwa hutumiwa na baadhi ya majirani, tunaikataza kabisa kwa mama mjamzito na penye watoto. Sumu yake hupenya ngozi. Kusema "ni ya asili" hakuifanyi kuwa salama.

Chupa ya soda chini ya kitanda

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike kurasa hizi. Katika kituo kimoja tulichowahi kufanyia kazi, aliletwa mtoto wa miaka minne akitokwa mate na jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, anatapika, anaharisha na kupumua kwa shida. Alikuwa amekunywa dawa ya wadudu wa maua. Dawa ilikuwa imenunuliwa kwa kupimiwa, ikatiwa ndani ya chupa ya soda isiyo na karatasi ya maelezo, na chupa ikawekwa chini ya kitanda. Nyumbani walikuwa wamemnywesha maziwa na kumtia kidole kooni atapike. Njiani walipoteza saa nzima. Mungu alisaidia, sindano za atropini zilikuwepo, na baada ya siku nne mtoto alirudi nyumbani. Si wote wanaorudi.

Akina mama wapendwa, shikeni haya. Maziwa si kiponya sumu. Usimtapishe mtoto aliyekunywa dawa ya mimea, kwa sababu dawa nyingi zimechanganywa na mafuta kama ya taa, na zikirudi juu zinaweza kuingia mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi na nywele kwa sabuni na maji mengi. Ikiwa imeingia machoni, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka dakika 15. Akiwa amelegea, mlaze ubavu. Mkimbize hospitali mara moja, na mchukue chupa au karatasi ya dawa hiyo mkaionyeshe, kwa maana dawa hutofautiana na tiba zake pia. Anayemhudumia ajikinge asishike sumu kwa mikono mitupu.

Ukilazimika kununua dawa, nunua iliyofungwa kiwandani, yenye maelezo ya Kiswahili na namba ya usajili. Kwa sheria ya mwaka 2020, kazi ya kusajili na kusimamia viuatilifu nchini iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyochukua nafasi ya taasisi ya TPRI ya Arusha. Tazama ukanda wa rangi chini ya karatasi: nyekundu ni sumu kali kuliko zote, ikifuatiwa na njano, kisha bluu, kisha kijani. Yenye ukanda mwekundu haina nafasi katika bustani ya nyumbani. Asikuuzie mtu dawa ya kupima kwenye chupa ya soda. Mkatalie kwa upole, uondoke.

Kagua pia stoo ya nyumbani. Zamani wakulima wa kahawa na pamba walitumia sana endosalfani, iliyouzwa kwa jina la Thiodan. Mwaka 2011 iliwekwa katika orodha ya sumu zinazopaswa kuondolewa duniani chini ya Mkataba wa Stockholm. Ukikuta kopo la zamani la namna hiyo, au dawa yoyote usiyoijua, usilimwage mtoni wala chooni, usilioshe ukawekea chumvi. Lifungie mbali na watoto na umwone bwana shamba au bibi shamba wa kata yako akuelekeze.

Neno kwa nyumba zetu

Maandiko hayakuwasahau wadudu. Nabii Yoeli anataja walaji wanne waliofuatana shambani, na katika kitabu cha Yona buu mmoja tu anaukausha mmea katika alfajiri moja. Bwana wetu naye aliwaambia wanafunzi wayatafakari maua ya kondeni. Kuyatunza maua ni sehemu ya shukrani yetu kwake aliyeyavika uzuri. Lakini ua lililopona halilingani na mtoto mmoja aliyedhurika. Mama mwenye busara huanza na jicho, kisha mkono, kisha maji na sabuni. Dawa ya dukani huja mwisho, na mara nyingi haifikii zamu yake.

Chukua dakika kumi kila asubuhi, kabla ya kufagia uwanja, ukageuze majani ya maua yako mmoja na watoto. Wafundishe kumtofautisha mdudu kobe na kidukari, nyuki na nzi, ukungu na jeraha la kiwavi. Mtoto aliyefundishwa hivyo hatagusa chupa asiyoijua, tena atakuwa macho yako pale ambapo macho yako yamechoka.

Akina mama wa Kawetele waliotufungulia nyua zao na kutukaribisha ndizi na chai, tunawaambia kwa lugha ya kwao: ndaga fijo.